Ulinganisho: barafu halisi au paneli za plastiki kwa uwanja wa hoki Kampala?

KochaMagurudumu (Kampala)
Habari zenu wakuu. Nina vijana ninaowafundisha hoki kwa viatu vya magurudumu, mwaka wa nne sasa. Kuna mzee ametupatia godauni lake Namanve na yuko tayari kuweka hela. Mezani kuna mambo mawili: mtambo wa barafu wa mtumba kutoka Kanada, bei yake nzuri sana, au paneli za plastiki za kutelezea kutoka China. Mwenye mtambo anataka jibu Ijumaa.

Sitaki uwanja wetu uwe mzigo kwa mazingira. NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, ilianzisha mpango wake wa mazingira wa NHL Green mwaka 2010, na kule Seattle uwanja wa Climate Pledge Arena, uliofunguliwa 2021, hukinga maji ya mvua kutoka paani na kuyagandisha kuwa barafu ya kuchezea. Nataka tuanze kwa moyo huo. Mngechagua kipi?

FundiFriji_Jinja
Kocha, umeleta nusu ya swali. Mtambo unatumia gesi gani? Uwanja ni mita ngapi kwa ngapi? Umeme wa godauni ni fezi tatu? Paa ni bati tupu au lina kizuia joto? Uwanja kamili wa NHL ni kama mita 61 kwa 26. Sidhani godauni lako linafika huko. Tazama kibandiko kwenye kompresa, utaona herufi R na namba.

KochaMagurudumu (Kampala)
Asante fundi. Nimetumiwa picha, kibandiko kinasema R22. Paa ni bati. Vipimo bado sijachukua.

FundiFriji_Jinja
R22? Hapo simama kwanza. Gesi hiyo inakula tabaka la ozoni, na kilo 1 ikivuja inaongeza joto la dunia sawa na kilo 1,800 hivi za kaboni dioksidi. Marekani walisimamisha kutengeneza na kuingiza R22 mpya tarehe 1 Januari 2020. Nadhani ndiyo maana unaipata kwa bei ya kutupa. Nchi kama zetu, chini ya Mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni, kuanzia 2025 zinapaswa kuwa zimepunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5, na mwaka 2030 zinafungiwa, kinabaki kiasi kidogo tu cha matengenezo. Gesi ya kujazia utaitoa wapi? Kabla hujatuma hata shilingi, nenda NEMA, mamlaka ya mazingira, ndio wanaoshughulikia mambo ya ozoni.

MamaSamaki_Katosi
Mimi hoki siijui, lakini R22 naijua kwa machozi. Nilikuwa na chumba cha baridi hapa mwaloni, cha kuwekea sangara mpaka lori la kiwanda lije. Mtambo wa mtumba, nikaapiwa hauna shida. Mwezi wa pili baridi ikapungua. Fundi akaja, akajaza gesi, nikalipa. Wiki tatu, baridi imekwenda tena. Akajaza. Mara ya tatu nikamwuliza, hii gesi inakwenda wapi? Akasema gesi huisha kama mafuta ya gari. Haiishi! Inazunguka mlemle miaka yote kama mabomba ni mazima.

Ni mwanangu aliyechovya sponji kwenye maji ya sabuni akapaka nati ya bomba la shaba nyuma ya kompresa. Vikatoka vipovu vidogo vimejipanga kama macho ya dagaa. Fundi wa pili alipokuja kubadilisha nati, alifungua vali akaiachia gesi yote hewani. Ikalia shiii, bomba likaota ukungu mweupe, nami nimesimama pale sijui kwamba kuna chombo cha kuivutia gesi ndani ya mtungi isipotee. Usiku ule sangara kilo 300 walilegea. Alfajiri tukawapasua, tukawatia chumvi, tukawauzia wafanyabiashara wa Congo kwa hasara. Mwanangu kocha, usinunue.

FundiFriji_Jinja
Pole sana mama. Yule wa pili alifanya kosa kubwa. Gesi huvutwa kwa mashine, haiachiwi.

MzeeWaArua
Kwa nini hamtaji amonia? Viwanja vingi vya barafu huko kwao vinatumia amonia tangu zamani. Haili ozoni, haiongezi joto la dunia, na inabeba baridi vizuri kuliko hizo gesi za namba namba. Nilifanya kazi kiwanda cha vinywaji miaka 11, mitambo yote ya amonia.

FundiFriji_Jinja
Mzee wangu, shikamoo. Amonia ni nzuri ikiwa na watu waliosomea. Oktoba 2017 mjini Fernie, Kanada, ilivuja kwenye uwanja wa barafu ikaua wafanyakazi 3. Na hao ni watu wa barafu tangu babu zao. Uiweke Namanve kwenye godauni lenye watoto 40?

MzeeWaArua
Marahaba. Nakubali haitaki mchezo. Lakini sisi tulikuwa na vinusio vya kuvuja na vinyago vya kupumulia, na kila Jumatatu tunafanya zoezi la kutoka mbio. Hatukupoteza mtu. Usiwatishe watu kwa ajali moja.

FundiFriji_Jinja
Basi kaboni dioksidi yenyewe. Ukumbi wa mbio za barafu wa Olimpiki ya Beijing 2022 uligandishwa kwa hiyo, na joto linalotoka kwenye kompresa wakalitumia kupasha maji. Tatizo ni presha kubwa na bei.

BintiKasese
Mimi nasema paneli za plastiki mzifikirie mara mbili pia. Umeme hazili, sawa. Lakini chuma cha kiatu kinazikwangua, na ule unga mweupe unaobaki ni plastiki. Ukifagiliwa mvua ikinyesha unaishia mtaroni, kisha Nalubaale, yaani Ziwa Victoria. Muwe na mashine ya kuuvuta, na taka zake mjue zinakwenda wapi.

Hili la barafu linanigusa. Sisi Bakonzo mlima wetu tunauita kwa theluji, Rwenzururu, mahali pa theluji. Mwaka 1906 wapandaji walikuta barafu kadhaa juu kule, leo kilichobaki hakifiki kilomita 1 ya mraba. Babu alikuwa akitoka uani asubuhi anaona weupe, mimi naona jiwe. Na Ottawa, mfereji wa Rideau ambao watu huteleza kilomita karibu 8, majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 haukufunguliwa hata siku moja, mara ya kwanza tangu waanze. Mchezo wao ulizaliwa kwenye mabwawa yaliyoganda. Ndiyo maana naamini hao NHL wana uchungu wa kweli.

Busia_Boy
Dada, uchungu upi? Timu 32, kila moja mechi zaidi ya 80 kwa msimu, nusu ugenini, Seattle hadi Florida kwa ndege. Tangi la maji ya mvua litafidia hayo?

BintiKasese
Halifidii, wala sikusema hivyo. Lakini Seattle tiketi ya mechi ya Kraken, timu yao, inakupa usafiri wa umma bure, gari linalolainisha barafu ni la umeme, na paa ni lilelile la 1962, walichimba uwanja mpya chini yake badala ya kubomoa. Hayo ni kazi iliyofanyika.

Busia_Boy
Sawa. Mimi nasema wabaki na magurudumu. Saruji laini, rangi, basi. Vijana wanacheza kesho asubuhi.

KochaMagurudumu (Kampala)
Busia, vijana wanataka barafu. Wenzao wa Nairobi waliteleza kwenye barafu ya hoteli ya Panari, nao wanaona inawezekana. Umeme wetu mwingi ni wa maji, Bujagali, Isimba, Karuma, kwa hiyo nilidhani barafu halisi si dhambi kubwa hapa.

FundiFriji_Jinja
Ukikatika unawasha jenereta ya dizeli. Na chini ya bati tupu saa nane mchana mtambo haupumui. Kizuia joto kwanza, mashine ya kukausha unyevu pili, ndipo tuzungumze gesi. Vipimo, kocha!

KochaMagurudumu (Kampala)
Nimetoka kupima. Mita 24 kwa 13, na nguzo mbili katikati.

MamaSamaki_Katosi
Nguzo katikati? Watoto watajigonga.

MzeeWaArua
Zifungwe magodoro. Kiwandani tulifanya hivyo kwenye njia ya forklifti.

FundiFriji_Jinja
Nguzo zinashika paa au ni za dari tu? Leta picha kabla ya Ijumaa.