Viwashio vya mkaa vya nta na vumbi la mbao: mbona nta inachuruzika kabla mkaa haujashika?

Igoma_Jikoni

Wakuu, habari za leo. Nataka kuachana kabisa na kuwashia mkaa kwa mafuta ya taa na vipande vya viroba. Moshi ule wa plastiki watoto wanauvuta kila asubuhi. Nina masalia ya mishumaa, trei za mayai za karatasi, na vumbi la mbao kutoka kwa seremala. Maelekezo niliyopewa ni kujaza nta kwenye kikombe cha trei hadi juu, halafu kunyunyizia vumbi kidogo. Kiwashio cha namna hiyo kinashika kwa shida, kisha nta inachuruzika kwenye matundu ya jiko na kuwakia chini kwenye majivu, huku mkaa juu bado mweusi. Jiko ni la bati lenye udongo ndani. Kipimo sahihi ni kipi? Na mafuta yaliyokaangiwa samaki yanaweza kushika nafasi ya nta?

Seremala_Mabatini

Mkuu, kipimo ulichopewa kimepinduliwa. Nta ikiwa ngumu haiwaki, na ikiyeyuka tu pia haiwaki. Inatakiwa ipande kwenye nyuzi za karatasi na mbao, ipate joto, igeuke mvuke. Mvuke huo ndio unaoshika moto. Nyuzi zikiwa chache, nta inayeyuka upesi kuliko inavyopandishwa, basi inateremka kwenye matundu kama ulivyoona. Vumbi liwe jingi, nta iwe ya kulishikamanisha tu.

Kwa trei moja ya mayai 30, chukua vumbi kavu kama lita moja na nta gramu 450 hivi. Jaza kila kikombe vumbi hadi robo tatu, libonyeze kidogo kwa kidole bila kulishindilia, kisha mimina nta iliyoyeyuka, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa. Nta ikituama juu bila kunyonywa, imezidi. Uso wa kiwashio ukiisha kuganda uonekane wa chengachenga. Ukiwa laini na unang'aa, kiberiti kitakusumbua.

Tandika gazeti au boksi chini ya trei kabla ya kumimina, maana nta itapenya. Hilo gazeti usilitupe, lenyewe linawaka vizuri. Ikiganda, chana vikombe kwa mkono badala ya kukata kwa mkasi. Ukingo uliochanika una nyuzi zilizosimama, na ndipo njiti moja inaposhika. Kila kimoja kiachiwe ncha ya karatasi isiyoguswa na nta.

Kuhusu vumbi lenyewe: la msonobari ni zuri kuliko yote kwa sababu lina utomvu, na huku kwetu Mwanza linapatikana kwa kuwa kuna mashamba ya misonobari kama Buhindi kule Buchosa. La mninga au mkongo linafaa pia. Ila mwulize fundi alikuwa anapasua nini. Vumbi la MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) na plaiwudi lina gundi, la mbao zilizopakwa rangi au nguzo zilizotiwa dawa lina sumu, na hayo yote yasikaribie jiko la chakula. Maranda makubwa ya randa yachanganye na vumbi laini nusu kwa nusu. Yakiwa peke yake nta inapita katikati na kutuama chini.

Halafu ukavu. Kati ya Oktoba na Mei hewa ya ziwa ina unyevu, na vumbi lililokaa kwenye kiroba sakafuni linanyonya. Lianike juani kwenye bati siku nzima. Lenye maji utalijua ukimimina nta: inachemka na kutoa mapovu.

Mpishi_Kirumba

Seremala kaeleza vizuri, mimi niongeze kuyeyusha, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoungua.

Nta isiwekwe moja kwa moja kwenye jiko. Weka vipande kwenye kopo la bati, kopo likae ndani ya sufuria yenye maji, chini yake weka vijiti viwili au kitambaa lisiguse kitako cha sufuria. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo maji yanachemkia kwenye nyuzi 96 hivi. Nta ya mishumaa inayeyuka kati ya nyuzi 50 na 65, maji yanatosha kabisa. Ikikaa juu ya mkaa bila maji inapanda hadi nyuzi 200 na zaidi, inaanza kutoa mvuke unaoshika moto ghafla. Ikiwaka, funika kwa mfuniko, ondoa motoni, acha ipoe. Usimwagie maji hata tone: yanazama chini ya nta, yanageuka mvuke papo hapo na kurusha nta inayowaka juu ya mikono na uso. Watoto wakae mbali muda wote wa kazi hii.

Tambi kuukuu na vipande vya viberiti vitoe kwa kuchuja na kitambaa cha pamba.

Sasa mafuta ya kukaangia. Yanafaa, lakini yana masharti. Yachuje hadi yaishe makombo ya samaki na unga, maana makombo ndiyo yanayotoa moshi wa kuchoma macho. Kipimo ni mafuta kikombe kimoja kwa vumbi vikombe vinne au vitano. Ukifinya mkononi lishikane, lisidondoshe. Funga kwenye gazeti kama unavyofunga karanga, sokota ncha, washia hapo.

Sharti kubwa ni kutohifadhi rundo. Mafuta ya alizeti na ya pamba, ambayo ndiyo mengi huku, yanavuta oksijeni hewani na kutoa joto kidogo kidogo. Kwenye vumbi lililorundikwa joto hilo halina pa kutokea, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Tengeneza ya siku mbili tatu, weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, nje ya nyumba. Viwashio vya nta ya mishumaa havina shida hiyo, hata miezi vinakaa.

Petroli isichanganywe na chochote kati ya hivi.

Cherehani_Nyakato

Wenye jirani fundi cherehani, vipande vya nguo vinafaa kuliko trei, mradi viwe pamba. Vuta uzi, uchome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalosagika. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi ni poliesta, hiyo ni plastiki ileile unayoikimbia. Vitenge vingi siku hizi ni poliesta, pima kila kitambaa.

Magunzi pia. Kata vipande vya vidole viwili, chovya nusu tu kwenye nta, nusu ibaki kavu ya kuwashia. Gunzi kavu linakatika kwa mlio. Likipinda, lirudishe juani.

Igoma_Jikoni

Asanteni sana. Swali la mwisho: kinakaa wapi ndani ya jiko? Nimekuwa nikiweka chini kabisa na kujaza mkaa juu.

Mpishi_Kirumba

Hapo kinakosa hewa, dada au kaka. Tandaza kwanza vipande vya mkaa vya ukubwa wa dole gumba, safu moja, ukiacha shimo katikati. Kiwashio kikae ndani ya shimo juu ya kipande bapa, sio juu ya tundu, ili nta inayoteremka idakwe na mkaa. Kiwashe, subiri moto ukikamate chote, ndipo uegemeze vipande vidogo kukizunguka na kuacha mwanya juu. Vikubwa ongeza vile vidogo vikishakuwa vyekundu. Kiwashio cha kipimo alichotoa Seremala kinawaka kama dakika 10, na mkaa mkavu unashika kabla ya hapo. Mkaa ulionyeshewa unahitaji viwili, kwa kuwa joto la cha kwanza linaishia kukausha maji.

Mlango wa jiko uwe wazi wote. Mchana upepo unatoka ziwani na ukiwa mkali unazima mwali mdogo, hivyo anza na mlango ukiwa umegeuzia upepo mgongo, kisha ugeuze uukabili upepo mkaa ukianza kulia.

Na washia nje. Moshi ukiisha usidhani hatari imeisha: mkaa mwekundu unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu waliolala. Jiko lisiingizwe chumbani hata usiku wa mvua.