Naombeni ushauri: nisome vitabu gani nijiandae na kazi za fedha na ushauri elekezi? Niko Tabora

Kijana wa Isevya
Wakuu salaam, wakubwa zangu shikamooni.

Niende kwenye mada. Nasoma biashara, mwaka wa tatu, kwa sasa niko nyumbani Tabora. Ndoto yangu ni kuingia kwenye yale makampuni ya ushauri elekezi pale Dar, yanayolipwa kushauri kampuni nyingine, au upande wa fedha: kuthamini kampuni, uwekezaji, mambo hayo. Wenzangu waliokulia mjini wanataja vitabu ambavyo mimi sijawahi hata kuvishika. Nina laki mbili na nusu. Nianze na vipi? Naomba majibu ya mapema maana Jumatatu nina jambo, na usingizi wenyewe siku hizi siupati.

Nawasilisha.

Reli ya Kati
Nimeshakaa dirishani, nasubiri wajuzi.

Kalamu Nyekundu
Mdogo wangu, karibu. Kazi hizo nimezifanya miaka sita kabla sijarudi kwenye ukaguzi, kwa hiyo funga pochi kwanza unisikilize.

Kila mtu atakutajia Case in Point ya Marc Cosentino, kitabu cha kujiandaa na usaili wa kazi hizo za ushauri. Kisome ila usikikariri. Kwenye usaili wanakupa tatizo, tuseme kiwanda cha maji kinauza zaidi kila mwaka lakini faida inashuka, na wewe unalichambua kwa mdomo mbele yao. Waliokariri wanaanza kuchora mchoro wa kitabuni kabla hawajauliza hata chupa moja inauzwa shilingi ngapi. Dakika mbili tu tunawajua.

Kitakachokaa na wewe zaidi ni The Pyramid Principle cha Barbara Minto. Huyu mama aliingia McKinsey, kampuni kubwa ya ushauri ya Marekani, mwaka 1963, na somo lake ni moja: anza na jibu, zifuate hoja zinazolibeba, kisha ushahidi chini ya kila hoja. Sisi tumelelewa kinyume. Salamu nusu ukurasa, "niende kwenye mada", jibu tunalikuta mkiani. Angalia bandiko lako mwenyewe: umeulizia vitabu mistari mitano, jambo la Jumatatu umelichomeka mwisho kama mtu anayeaga mlangoni. Ni jambo gani?

Mzee wa Miembe
Enzi zetu hapo Tabora hatukuulizana vitabu vya kununua. Tulisoma vilivyopo, chini ya mwembe, kitabu kimoja watu kumi na wawili, ukichelewa kugeuza ukurasa unapigwa kofi la kisogo. Leo kijana ana dunia nzima mkononi bado anaomba orodha. Na wengi wa wale kumi na wawili wamestaafu na nyumba zao.

Mtoto wa Ng'ambo
Mzee, hicho kitabu kilikuwa kinahusu nini?

Mzee wa Miembe
Jiografia.

Bwana Hisa
Upande wa fedha niachieni. The Intelligent Investor cha Benjamin Graham, toleo la kwanza 1949. Kizito, kina mifano ya kampuni za Marekani ambazo hutazisikia tena, kwa hiyo usianze ukurasa wa kwanza. Anza sura ya 8, inayohusu soko linavyopanda na kushuka kama mtu mwenye hasira, halafu sura ya 20, ya kujiachia nafasi ya usalama unaponunua. Warren Buffett mwenyewe, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, anazielekeza hizo mbili, na yeye alikisoma akiwa na miaka 19.

Cha starehe, Liar's Poker cha Michael Lewis, 1989. Jamaa aliuza hatifungani, yaani hati za mikopo ya serikali na makampuni, kwenye benki ya Salomon Brothers kule Marekani, akaandika uchafu wote aliouona akitegemea vijana watakimbia. Wanafunzi wakaanza kumwandikia barua kumuomba mbinu zaidi za kuingia.

Halafu cha bure: taarifa za mwaka za NMB na CRDB. Ziko kwenye tovuti zao. Chukua za miaka mitatu, kaa na daftari, fuata mikopo isiyolipika inavyokwenda. Mimi nilijifunza hivyo kwa sababu hela ya vitabu sikuwa nayo. Nilinunua hisa zangu za kwanza nikiwa mpangaji wa chumba kimoja Mwanga, Kigoma, mke akanisusa wiki mbili, alidhani nimejiunga na upatu. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Softi Kopi Tz
Vyote hivyo ninavyo kwenye simu, elfu kumi tu. Njoo faragha.

Kijana wa Isevya
Shukrani sana Kalamu Nyekundu na Bwana Hisa, nimenakili kila kitu. Kati ya Minto na Graham nianze na kipi?

Dada Cheyo
Mdogo wangu, umeulizwa swali ukalipita kama kituo cha basi. Jumatatu kuna nini?

Kijana wa Isevya
Sawa dada. Nilitaka tu yasichanganyike.

Baba mdogo kanitafutia nafasi ya karani wa hesabu kwenye AMCOS moja ya tumbaku, yaani chama cha ushirika cha wakulima, huku njia ya Urambo. Natakiwa kuripoti Jumatatu. Mimi sitaki. Nikishazama huko sitoki, na nikiomba kazi Dar wasifu wangu utasomekaje? "Alipima marobota"? Mama nimeshamwambia siendi. Nimepanga nikae nyumbani nisome kwa nguvu, mwezi wa kumi niende Dar nikaombe mafunzo kazini.

Hela ni ya mama, kauza asali. Ila alinipa kwa moyo wake, naomba tusilijadili hilo.

Mzee wa Miembe
Tutalijadili.

Bwana Mizani
Ngoja niongee mimi niliyekaa kwenye AMCOS misimu miwili.

Kijana, unajua misimu yangu bei ya tumbaku ilikuwa inapangwa kwa dola? Mkulima alikuwa na madeni ya shilingi dukani, mzigo wake ulihesabiwa kwa dola, malipo yalimfikia kwa shilingi. Dola ikitikisika kati ya siku ya soko na siku ya malipo, ni nani anayeumia? Hilo ni swali la fedha, na pale utalijibu mbele ya mtu aliyeshika usukani wa baiskeli.

Mbolea anakopa kupitia chama, anakatwa akiuza. Sasa mmoja anatorosha mzigo usiku, anauza kwa jina la shemeji yake kwenye chama kingine. Deni halijahama, limebaki kwa waliobaki. Mwaka wangu wa kwanza mzee mmoja alikuja na makaratasi yake kwenye mfuko wa rambo, kilo zote ziko sawa, madaraja yako sawa, na cha kupokea ni sifuri. Akaniuliza, "Mjukuu, nimekosea wapi?" Nilikaa naye mpaka giza, tunafuata makato moja moja. Hakukosea popote, alikuwa amebeba deni la jirani. Mpaka leo nikisoma habari za benki iliyoanguka naanza kumtafuta huyo jirani.

Mtoto wa Ng'ambo
Daah. Na mzee alilipwa?

Bwana Mizani
Msimu uliofuata hakulima.

Dokta Chai
Samahanini wanafamilia, mimi naona birika liko jikoni.

Moja: mwaka wa tatu, mwezi huu wa nane wenzake wote wanasema "nimemaliza", yeye anasema "nasoma". Mbili: soko la tumbaku limekwisha, AMCOS inamwajiri karani akafanye nini? Tatu: uzi haujapoa, tayari kuna muuza softi kopi. Huyu ni mtu mmoja ana majina mawili. Mama kauza asali, baba mdogo, ndoto ya Dar. Chai, tena ya maziwa.

Softi Kopi Tz
Mimi simjui huyo mtu kabisa.

Dokta Chai
Ndivyo wanavyosemaga.

Bwana Mizani
La pili umeteleza, Dokta. Masoko yakifungwa ndipo kazi ya karani inaanza: kulinganisha stakabadhi na malipo, kufunga vitabu, COASCO, wale wakaguzi wa vyama vya ushirika, waje wakague. La kwanza hata mimi limenigusa. Kijana, jibu.

Reli ya Kati
Kimya dakika arobaini. Treni imesimama porini.

Kijana wa Isevya
Nipo. Sijatunga.

Sijasema nimemaliza kwa sababu sijamaliza. Nina sapu moja, mtihani wa kurudia, mwezi wa tisa. Nyumbani hawajui, wanajua nasubiri mahafali.

Dada Cheyo
Somo gani?

Kijana wa Isevya
Usimamizi wa Fedha.

Mtoto wa Ng'ambo
😂😂😂 Graham asogee kidogo.

Dada Cheyo
Acheni kumcheka. Ndiyo maana hapati usingizi.

Kalamu Nyekundu
Mdogo wangu, hapo sasa ndipo ulipotakiwa kuanzia. Weka Minto pembeni, weka Graham pembeni. Chukua maswali ya miaka iliyopita ya somo hilo, thamani ya fedha kwa wakati, gharama ya mtaji, uamuzi wa mradi, ufanye kwa mkono mpaka kidole kiote sugu. Na kabla ya Jumatatu mpigie baba mdogo, mwambie una mtihani, muulize kama chama kitakuruhusu siku hizo. Bila hilo somo hakuna cheti, na CPA, ule uhasibu wa kitaaluma, utaisikia kwa majirani.

Kijana wa Isevya
Nimekuelewa kaka. Tatizo vitabu viwili nilishalipia jana asubuhi, kabla sijaleta uzi. Vinatoka Dar na basi la kesho.

Mzee wa Miembe
Kwa hiyo ulikuwa unatuuliza nini?

Mama Asali
Mwanangu, mimi sijui mambo ya vitabu. Hiyo asali ya mama yako ni ya nyuki wakubwa au wadogo?

Kijana wa Isevya
Shikamoo mama. Ni ya nyuki wadogo. Imebaki ndoo moja.

Mama Asali
Marahaba. Lita anauza shilingi ngapi?

Kijana wa Isevya
Sijawahi kumuuliza.