Tenga la Juu

Kundi: Familia ya Kiomboi

Rehema, saa 1:05 jioni
Shikamooni wazazi wangu. Ninaandika tamthilia ya mtihani wa mwisho hapa chuoni Bagamoyo, inayomhusu kijana wa Iramba anayekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Katika onyesho la kwanza anashuka kwenye basi pale Ubungo, anageuka kuuliza njia, na akigeuka tena begi lake halipo. Mwalimu wangu anasema begi hilo ameshaliona likiibwa mara nyingi mno. Ninaomba mnisaidie kwa yale mliyoyapitia wenyewe.

Baba Mkubwa, saa 1:14
Marahaba, mwanangu, na ahsante kwa kuandika maneno kamili, maana wako wenzako humu wanaoandika "xaxa" na "cjui" kana kwamba herufi zinauzwa. Kwanza taja mwaka, kwa sababu tangu 2021 stendi kuu ya mabasi ya mikoani ni Mbezi Luis, si Ubungo. Pili, mimi sikuibiwa kitu. Nilikwenda mwaka 1983 nikiwa na miaka 20, nikawa mbeba mizigo Kariakoo, na kilichonishinda ni kitambulisho cha kazi. Ilikuwa imetoka Sheria ya Nguvukazi, na asiye na kazi inayotambulika alihesabiwa mzururaji, akikamatwa anarudishwa kwao akalime. Nilikamatwa nikiwa na gunia la viazi begani. Nilimwuliza yule mgambo, kama hii si kazi, ni nini? Akaniambia nilitue taratibu, viazi visichubuke.

Mama Rehema, saa 1:17
Shemeji, hilo la viazi hukuwahi kutusimulia.

Baba Mkubwa, saa 1:18
Hakuna aliyeniuliza.

Mjomba, saa 1:40
Mpwa wangu, wezi wapo, sikatai, lakini mimi nilimalizwa na kuku. Mwaka 2010 nilichukua kuku 40 wa kienyeji hapo kijijini kwa mali kauli, kila kuku na mwenyewe, nikiwaahidi akina mama kwamba nikishawauza Manzese nitatuma fedha zao ndani ya wiki. Tulifunga matenga mawili juu ya basi. Mvua ilipotukuta Gairo, kondakta alilifunika tenga la juu kwa turubai, na jua lilipowaka Morogoro hakuna aliyekumbuka kulifunua. Nilipolifungua pale Ubungo, wa kwanza kumwona alikuwa yule jogoo mwekundu wa mama, shingo imelegea juu ya ufito. Niliwatoa mmoja mmoja nikawapanga chini, watu wakiwaruka kuwahi teksi. Walikuwa 14.

Mjomba, saa 1:52
Waliobaki niliwauza kwa bei ya dalali, kwa sababu mgeni hana bei yake. Sasa hapo ndipo ningependa tamthilia yako ikae muda mrefu kuliko kwenye begi: kijana ana fedha za kuku 26 mfukoni na deni la kuku 40 nyuma yake. Akizituma zote, hana pa kulala; akilipia chumba, amekula mali ya watu. Nilichagua chumba, nikijiambia kwamba nikipata kazi nitalipa deni lote kwa mkupuo mmoja. Kila mwenye nyumba niliyemfuata alitaka kodi ya miezi sita kwa pamoja, na wengine ya mwaka mzima. Aliyekubali mwezi mwezi nilimpata bondeni Jangwani, na sababu ya huruma yake niliielewa Desemba 2011, mafuriko yalipokuja. Godoro nililiona likienda zake kama mtumbwi. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa nikibeba zege kwa kutwa, na leo ukipata kibarua, kesho unashinda getini ukitazama wengine wakichaguliwa.

Rehema, saa 1:55
Kwa nini hukurudi nyumbani, Mjomba?

Mjomba, saa 2:01 usiku
Ningepita njia ipi? Kutoka barabarani hadi kwetu kuna nyumba tisa, na katika kila nyumba kuna kuku wangu. Nilikaa miaka mitatu bila kukanyaga huko. Kila mwezi nilipiga simu nikasema biashara inakwenda, ila wateja wanakawia kulipa.

Mama Rehema, saa 2:20
Mdogo wangu, niko hapa kwa mama, na nilikuwa nikimsomea haya yote. Amesema nikwambie, kwa kuwa yeye hakuweza. Deni lile lililipwa mwaka ule ule. Aliuza mbuzi watatu, akapita nyumba kwa nyumba, na kila aliyelipwa aliambiwa kwamba kijana ametuma fedha. Wewe ulikuwa ukisifiwa kisimani.

Mjomba, saa 2:34
Dada, miaka mitatu.

Mjomba, saa 2:35
Mbona hamkunieleza?

Mama Rehema, saa 2:41
Tungekueleza vipi, na wewe kila simu unasema biashara inakwenda? Mama aliona kwamba akikwambia amelipa, utafahamu kuwa amejua, na ukifahamu hivyo hutapiga simu tena. Alikuwa radhi kudanganywa kila mwezi, mradi aisikie sauti.

Baba Mkubwa, saa 2:44
Rehema, weka kalamu chini kwanza. Haya ni ya wenyewe.

Rehema, saa 2:46
Nimeiweka, Baba Mkubwa. Sitaandika hata neno moja mpaka Bibi na Mjomba waniruhusu.

Mama Rehema, saa 2:58
Mama anasema uandike tu, ila mbuzi uwaandike wanne, kwa sababu na yule mdogo aliuzwa baadaye kwa nauli ya kumfuata mjomba wako, safari ambayo haikufanyika. Halafu anamwuliza mjomba wako swali. Sehemu ya kuku waliokufa niliiruka nilipomsomea, akabaki na hesabu ya fedha peke yake. Anataka kujua yule jogoo mwekundu aliuzwa shilingi ngapi.

Mjomba, saa 3:10
Mwambie aliuzwa wa kwanza kabisa, pale Manzese, na hakuna kuku aliyepata bei yake siku ile.

Mama Rehema, saa 3:12
Nimemwambia. Amecheka.