Mimba ya wiki 9, utrasaundi ya mapema itaona ugonjwa wa kurithi?

bi_mdogo
Jamani habarini. Mwaka jana nilijifungua wa kike hakufikisha saa, kisogoni ana uvimbe laini kama mfuko, vidole sita kila mkono, tumbo limejaa figo, daktari akaandika Meckel-Gruber kwenye kadi. Miezi saba nilipiga utrasaundi wakasema tu maji machache, ninywe maji mengi!! Sasa nina wiki 9, mama mkwe anasema mimba changa haionyeshi kitu. Mume wangu ni mtoto wa ami, kama inahusu.

shosti_wa_pwani
Pole mamii 😢 mi najua ya wiki 20 ndo inaona kila kitu, we meza foliki tu

fundi_wa_probu
Pole sana dada. Foliki meza ila hii haizuii, ni ya kurithi, wewe na mumeo wote mmebeba kinasaba chake, na undugu unahusu. Na kusubiri wiki 20 kwa ugonjwa huu ni kosa. Maji yanayomzunguka mtoto tumboni kuanzia kama wiki 16 mengi ni mkojo wa mtoto mwenyewe, figo zikiwa mbovu yanakauka, mtoto anabanwa, ngumi kafumba, hapo vidole unahesabuje? Wiki 12 au 13 maji bado yapo, mkono unafunguka, kisogo na figo pia mara nyingi vinaonekana. Nenda na kadi na useme historia kabla hujalala kitandani, ukisema umekuja kuangalia mtoto watasikiliza mapigo watakupa tarehe basi. Wakitaka kupima kwa ukeni kubali. Ikiwa safi rudia 18 hadi 20.

baba_wawili
Na sikoseli je? Mimi na wife wote AS, yaani tumebeba ila hatuumwi

fundi_wa_probu
Hapana kaka, utrasaundi inaona umbo, damu haioni. Hiyo wanachukua kipande cha kondo wiki 11 hadi 14, au maji ya uzazi kuanzia wiki 15, wanapima vinasaba. Hesabu yenu na ya bi mdogo ni moja, kila mimba nafasi ni moja kati ya nne mtoto kuugua.

bi_mdogo
Kila mimba? Mi niliambiwa zamu yangu nimeshamaliza. Haya, kadi iko chini ya godoro tangu siku ile, kesho naitoa.