Naomba ushauri: buti za ngozi ya mbuni na ya mamba zimeota unga mweupe baada ya masika

MkaaziWaMalindi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Marehemu ami yangu, aliyekuwa baharia na baadaye akaishi miaka mingi Marekani, ameniachia jozi mbili za buti ndefu alizozinunua El Paso, mji wa Texas unaosifika kwa mafundi wa viatu vya aina hiyo. Jozi moja ni ya ngozi ya mbuni, rangi ya kahawia, yenye vile vinundu vinavyobakia pale manyoya yaliponyonyolewa. Nyengine ni ya mamba, nyeusi, na ilikuwa ikimeremeta kama kioo. Alipokuwa hai hakuna mtoto aliyethubutu kuzigusa, na sasa kwa kuwa zimefika mikononi mwangu naona nimeanza kuziharibu ndani ya mwaka mmoja tu.

Nilizitia katika mifuko ya plastiki, nikazifungia ndani ya kabati la ukutani katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Unguja, nikiamini kwamba nimezihifadhi vizuri. Nilipolifungua kabati baada ya masika, nilikuta unga mweupe juu ya buti za mbuni, harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, na mistari myeupe baina ya magamba ya buti za mamba. Kwa haraka yangu nilichukua mafuta ya nazi, ambayo bibi yetu huyatumia kwa kila kitu kuanzia nywele hadi bawaba za mlango, nikaipaka buti ya mbuni ya mguu wa kulia. Imegeuka nyeusi kama tende iliyoroweshwa, ilhali ya kushoto imebakia na rangi yake.

Nauliza: unga huu ni kuvu au ni kitu chengine? Nizisafishe kwa kitu gani? Je, kiwi ya kopo inafaa? Na mafuta niliyokwisha kuyapaka yanaweza kutoka? Kila maelezo ninayoyakuta mtandaoni yanasema ngozi inyweshwe mafuta kila mwezi, na nimeingiwa na khofu ya kuongeza kosa juu ya kosa.

BahariaMstaafu

Wa alaykum salaam. Mungu amrehemu ami yako. Kabla ya yote hakikisha kwamba ngozi ni ya kweli, kwa sababu ziko ngozi nyingi za ng'ombe zilizopigwa chapa ili zifanane na za mbuni au za mamba, na hizo matunzo yake ni mepesi. Katika ngozi ya mbuni ya kweli vinundu havilingani kwa ukubwa wala havikupangwa kwa mstari, na ukikiparuza kimoja kidogo kwa ukucha utauona ukingo wake unanyanyuka. Vya chapa vyote ni sawasawa na vimekaa chini kama vimemwagwa kwa kijiko kimoja. Kwa upande wa mamba, litazame gamba moja moja kwenye mwanga: mamba huwa na kitundu kidogo mno kwenye gamba, kama kilichochomwa kwa ncha ya sindano, na aligeta wa Marekani, mnyama wa jamii ya mamba, hana kitundu hicho katika magamba ya tumboni.

MkaaziWaMalindi

Ahsante, mzee wangu. Nimezitazama kwa kioo cha kukuzia. Vinundu havilingani hata kidogo, na vitundu vya mamba vinaonekana.

FundiMakubadhi

Nimeshona makubadhi kwa zaidi ya miaka ishirini na huletewa pia viatu vya wageni kutengenezwa, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Unga mweupe juu ya ngozi huweza kuwa mojawapo ya vitu viwili. Kimoja ni kuvu. Cha pili ni mafuta ya ngozi yenyewe, yale yaliyotiwa kiwandani, ambayo hupanda juu na kuganda. Ili kuvitenganisha, chukua kikausha nywele, kiweke kwenye joto la chini kabisa, na kielekeze kwenye sehemu ndogo kwa sekunde chache tu, kwa umbali wa shubiri mbili. Mafuta yatayeyuka na kurudi ndani ya ngozi, lakini kuvu itabakia pale pale. Pia kuvu ina vinyweleo ukiitazama kwa ubavu, na ina harufu, nawe umekwisha kutwambia kuhusu harufu. Baada ya jaribio hilo kirudishe kikausha nywele kwa mwenyewe, kwani ngozi iliyolowa ikikaushwa kwa moto hujikunja na kuwa ngumu kama kigae.

Ikiwa ni kuvu, toka nazo nje, jifunge barakoa, simama upepo ukiwa mgongoni mwako, na upanguse unga wote mkavu kwa brashi laini, ile ya manyoya ya farasi ikipatikana. Usifanye kazi hiyo chumbani, kwa kuwa utakuwa unaihamishia kuvu kwenye nguo zako. Kisha changanya spiriti ya hospitali ya asilimia 70 na maji, nusu kwa nusu, ulowanishe kitambaa cha pamba hadi kiwe na unyevu tu bila ya kuchuruzika, na uifute buti ya mbuni, ukigeuza upande safi wa kitambaa kila baada ya mifuto michache. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa shingo ya buti, na ukiona rangi inahamia kitambaani, acha. Ndani ya buti pia pafutwe, maana wengi husafisha nje tu na baada ya wiki tatu kuvu hutoka tena kupitia kwenye mishono.

Spiriti hiyo usiipeleke kwenye buti za mamba. Ule mng'ao wake haukutokana na kiwi. Ngozi hiyo hupakwa safu nyembamba kiwandani na kusuguliwa kwa jiwe la akiki kwa mkandamizo mkubwa, na spiriti huilegeza safu hiyo na kuacha mabaka yasiyong'aa. Kwa mamba tumia kitambaa chenye unyevu wa maji safi peke yake, ufute kwa kufuata mlalo wa magamba, kutoka yanakoanzia kwenda yanakoishia, na mistari myeupe iliyobakia katika mianya uitoe kwa mswaki laini mkavu. Halafu kausha papo hapo kwa kitambaa chengine, kwa sababu tone la maji likikauka lenyewe juu ya ngozi hiyo huacha duara.

Sabuni ya mche usiifikirie kabisa. Ngozi iliyotengenezwa huwa na asidi kidogo, kwenye kipimo cha asidi (pH) cha kati ya 4 na 5 hivi, na sabuni ile hufika 9 au 10. Kila ukiosha unaidhoofisha ngozi bila ya kujua, hadi siku moja inapasuka pale kidole gumba kinapokunjia.

BintiWete

Fundi, mimi nina viatu vya ngozi ya chatu. Vifutwe vivyo hivyo?

FundiMakubadhi

Naam, bibie, lakini uwe mwangalifu zaidi ya mwenye mamba. Magamba ya chatu ni membamba na ncha zake ziko huru. Ukifuta kwa kurudi nyuma mara moja tu yatanyanyuka, na yakishanyanyuka hayalali tena.

MpembaWaNizwa

Mimi ni mzaliwa wa Chake Chake, naishi Nizwa, Oman, na kwa uzoefu wangu sikubaliani na wanaoogopa mafuta. Huku nina buti za mbuni ambazo nisipozipaka krimu ya ngozi kila mwezi huanza kuonyesha nyufa ndogo ndogo karibu na soli. Ngozi ni kiumbe kilichokufa, hakina namna ya kujilisha, ni lazima kilishwe. Mkaazi wa Malindi amekosea aina ya mafuta tu, hakukosea nia.

FundiMakubadhi

Ndugu yangu, maneno yako ni ya kweli huko uliko. Nizwa ni bara na hewa yake ni kavu, na El Paso ziliposhonwa buti hizi ni jangwani, ambapo mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 250. Unguja tunapita milimita 1,500, na nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta ambazo hunywa maji na kuyatoa kidogo kidogo hata mvua ikishakatika. Kuvu huanza kustawi pale unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 70, na hapa petu hali hiyo ndiyo ya kawaida kwa miezi mingi. Kwa hiyo maelezo anayoyasoma mwenzetu mtandaoni yameandikwa na watu ambao adui yao ni ukavu. Adui yetu sisi ni maji, na krimu nyingi juu ya ngozi iliyokwisha kushiba unyevu ni kuipikia kuvu futari. Ngozi ya mbuni nayo ina mafuta mengi ya asili kuliko ya ng'ombe. Mara mbili kwa mwaka zinatosha: mara moja baada ya masika ngozi ikishakauka kabisa, na mara moja wakati wa kaskazi.

Kabla ya kupaka, dondoshea tone moja la maji mahali palipofichika. Likikaa juu kama shanga, subiri. Likizama na kuacha kivuli cheusi, basi ngozi ina kiu. Chukua krimu isiyo na rangi wala silikoni, kiasi cha punje ya kunde kwa buti nzima, uisambaze kwa kitambaa, uiache robo saa, kisha uisugue kwa brashi hadi mkono usihisi utelezi.

Kiwi ya kopo ni nta, rangi na dawa ya kuyeyushia. Kwenye kiatu cha ng'ombe cha mwanafunzi haina neno, lakini kwenye mbuni hujaa katika mzunguko wa kila kinundu na kukauka humo, na kwenye mamba hukaa mianyani, na hiyo mistari myeupe uliyoikuta inaweza kuwa ni nta ya zamani ya marehemu.

MkaaziWaMalindi

Nimefanya jaribio la kikausha nywele. Kwenye mbuni unga haukuyeyuka, kwa hiyo ni kuvu. Na mafuta ya nazi je, fundi?

FundiMakubadhi

Tatizo la mafuta ya nazi ni kwamba hayatulii. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana wakati wa kipupwe huyaona yamekuwa meupe chupani asubuhi, na huyeyuka tena mchana. Basi ndani ya ngozi hufanya vivyo hivyo, yakitembea na kukusanya vumbi. Nyunyiza poda ya talki isiyo na manukato juu ya buti yote ya kulia, iache usiku kucha, ipanguse, na urudie kwa siku nne au tano hadi poda itoke kavu. Watu watakwambia utumie unga wa ngano au wa muhogo, lakini chembe zake zitabakia mianyani na hicho ndicho chakula cha kuvu. Rangi itarudi kwa kiasi, wala sikuahidi kwamba itarudi yote.

BahariaMstaafu

Kwa maoni yangu, ikibakia tofauti, aipake na ya kushoto mafuta kidogo ili zilingane. Buti mbili za rangi mbili hazivaliki.

FundiMakubadhi

Hapo mzee wangu naomba tutofautiane. Kuliharibu jicho zima ili lifanane na bovu siwezi kumshauri mtu. Asubiri miezi mitatu, mafuta yataenea na weusi utapungua. Baada ya hapo ndipo afikirie krimu yenye rangi ya kahawia kwa ile ya kushoto.

BintiWete

Mimi ni wa Pemba na karafuu ndiyo elimu yetu. Mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayokamuliwa Wawi hayavumiliani na kuvu. Kwa nini asiongeze matone machache kwenye spiriti?

FundiMakubadhi

Kwa kuua kuvu umesema kweli, bibie, lakini mafuta hayo ni makali, huacha doa la kahawia na huweza kuilegeza rangi ya ngozi. Karafuu kavu ndizo zinazofaa: azifunge katika mfuko wa kitambaa, azitundike kabatini bila ya kugusana na buti, na azibadilishe zikipoteza harufu. Hilo ni la kusaidia tu, halichukui nafasi ya hewa.

MkaaziWaMalindi

Mke wangu anapendekeza tuzifukize udi.

FundiMakubadhi

Mwambie shemeji kwamba buti zitanukia vizuri na kuvu itanukia vizuri vilevile.

MwanaChuoni_Jangombe

Samahani kwa kuingia. Kuna jamaa aliniuliza kama ngozi ya mamba inafaa kuvaliwa na mtu anayesali. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ngozi ikishafanyiwa dibagha, yaani ikishatengenezwa kwa dawa za ngozi, hutoharika, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Mwenye shaka amuulize sheikhe wake. Endeleeni.

MkaaziWaMalindi

Ahsanteni nyote. Limebakia suala la kuhifadhi, kwa kuwa kabati ni lile lile na ukuta ni ule ule.

FundiMakubadhi

Plastiki itupe leo, maana ndiyo iliyofungia unyevu ndani. Buti zikae kwenye mifuko ya kitambaa cha pamba, au bila ya kitu, juu ya rafu ya mbao iliyoachana na ukuta kwa upana wa kiganja, na mlango wa kabati uachwe wazi saa chache kila siku isiyo na mvua. Ndani ya buti utie faroma, yaani kalibu ya kushikilia umbo. Wewe ni mtoto wa mjini, unajua kofia ya viua ikifuliwa huvalishwa faroma ili isikunjamane; na buti ni hivyo hivyo. Za viatu zinazosifiwa ni za mti wa mwerezi, kwa sababu hunyonya unyevu, ila zikikosekana jaza karatasi nyeupe na uzibadilishe kila wiki wakati wa mvua. Gazeti usitumie, wino wake huhamia ndani.

Mara moja kwa wiki zitoe barazani kivulini zipigwe na upepo, lakini si kwenye baraza inayotazama bahari, kwani chumvi inayoletwa na upepo hukaa juu ya ngozi na kuuvuta unyevu. Ukiona mstari wa chumvi kwenye mbuni, futa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, kisha kwa maji matupu.

MkaaziWaMalindi

Nimekufahamu, fundi. Nimezikagua tena jioni hii na nimeona kwamba soli ya buti moja ya mamba imeanza kuachana karibu na kisigino. Nitie gundi?

FundiMakubadhi

Usitie gundi ya dukani. Soli za buti hizo ni za ngozi, zimeshonwa na kupigwa vijiti vya mti katikati, na gundi ikishaingia humo fundi hapati tena pa kupitisha uzi. Iache ikauke wiki mbili ikiwa na karatasi ndani, kisha uilete, na uilete pamoja na mwenzake ili nipime visigino vyote viwili.