Mama amekaa Muscat miaka 9, mtoto kamshukuru mama mdogo. Yuko sahihi?

Binti wa Tandika
Habari za Jumapili wapendwa. Jana tumemfanyia mdogo wangu sherehe ya kumaliza chuo, ukumbini huku Temeke. Kapewa maiki, kamshukuru Mungu, walimu, halafu mama mdogo "aliyenilea". Mama yetu mzazi amekaa Muscat, Oman, miaka 9 akifanya kazi za ndani, ada yote imetoka kwake, na alikuwepo, meza ya mbele. Hakutajwa. Mimi nasema mdogo wangu kakosea. Nyie mnaonaje?

Kipawa Kwetu
Kakosea sana. Kuna watu wanadhani Uarabuni hela zinaokotwa. Kwenye mfumo wa kafala viza yako iko chini ya bosi; ukiondoka kwake bila ruhusa unahesabika mtoro. Wengi wananyang'anywa paspoti siku wanayofika. Mtu kavumilia yote hayo ili wewe uvae joho, unashindwaje kutamka "mama ahsante"?

Zuhura M.
Kafala si ilishafutwa?

Kipawa Kwetu
Hiyo ni Qatar, 2020, waliondoa kibali cha bosi wa zamani kwa anayetaka kuhama kazi. Hapa tunazungumzia Oman.

Mjukuu wa Bibi
Mimi nimelelewa na bibi Mbagala, mama akiwa Dubai. Msitusomee hotuba. Nilipovunja ungo, bibi ndiye aliyenifungia mlango akakaa na mimi kutwa nzima. Mama alituma elfu hamsini. Nazishukuru hadi leo, lakini mtoto kutaja aliyemlea si kosa. Na tuseme na jingine: hizo hela mnazozisifu, nusu yake zinaliwa na wajomba wanaojifanya wasimamizi wa ujenzi.

Mjomba Kigamboni
Hapo umenigusa, mwanangu. Dada yangu yuko Oman tangu 2016. Kiwanja nimetafuta mimi, serikali za mtaa nimehangaika mimi, nondo zilipoanza kuibwa nimelala saiti mimi, na mbu. Yeye akituma laki nne anataka wiki ijayo aone lenta kwenye picha. Laki nne ni mifuko ishirini na kitu ya saruji. Mchanga bado. Maji bado. Fundi bado.

Mjukuu wa Bibi
Mjomba, shikamoo. Sijakutaja jina, mbona umeruka?

Mjomba Kigamboni
Marahaba. Umesema wajomba, na mimi ni mjomba. Risiti zote ninazo kwenye mfuko wa nailoni. Za mashine zimefutika wino kwa joto, lakini ninazo.

Kariakoo Asubuhi
Risiti iliyofutika ni karatasi tupu, mzee wangu. Mama yangu mkubwa alirudi 2019 akakuta msingi umeota mpapai, tena unazaa. Picha alizokuwa akitumiwa zilikuwa za nyumba ya jirani. Tangu siku hiyo nasema: aliye nje alipe duka la vifaa na fundi moja kwa moja, ndugu apewe nauli tu.

Mjomba Kigamboni
Nauli tu? Miaka minane nimeacha shughuli zangu, leo nipewe nauli? Na mimi nani atanishukuru?

Kipawa Kwetu
Mzee, dada yako yuko jikoni kwa watu tangu alfajiri, wewe unadai shukrani ya kulala na mbu?

Mjomba Kigamboni
Njoo ulale wewe.

Binti wa Tandika
Jamani, shikamooni wakubwa, mimi niliuliza kuhusu mama. Miaka yote hiyo alikuwa akipiga simu saa tano usiku, kule saa sita, bosi ameshalala, ananong'ona hadi tunamwambia "mama hatukusikii". Karudi mwezi wa tatu. Mpaka leo hakai nasi kula. Anatupakulia, kisha anarudi jikoni anakula amesimama, sahani kaiweka juu ya mfuniko wa ndoo, sikio liko sebuleni kama kuna atakayemwita. Nikimwambia "mama kaa", anasema "nakuja", na haji.

Mjukuu wa Bibi
Pole dada. Mdogo wako hayaoni hayo?

Binti wa Tandika
Anayaona. Leo mchana kachukua kiti cha mezani kampelekea jikoni, akatoka. Hakusema kitu.

Kipawa Kwetu
Kafanya vizuri, lakini kiti cha jikoni kakiona nani? Ukumbini walikuwepo majirani, mashemeji, watu wa msikitini. Aitishe kikao hata cha watu kumi, amtaje mama mbele yao.

Mjukuu wa Bibi
Mkimlazimisha atashukuru kama anasoma risala. Mwacheni apeleke viti.