Mrejesho: kisanduku cha kumwita bata mzinga sasa kinaita

Niliwauliza kwa nini kisanduku cha mwerezi nilichokichonga mwenyewe, kwa ajili ya kuwaita bata mzinga wa mwituni hapa Pennsylvania, kilikuwa kikilia kama bawaba kavu badala ya kutoa sauti ya jike. Kama mlivyodhani, kosa lilikuwa chaki yenye mafuta, ambayo ilifanya kifuniko kiteleze juu ya ukingo badala ya kukwaruza. Niliusugua ukingo kwa msasa laini, nikapaka chaki kavu, na sauti ikatoka safi. Jumamosi alfajiri nilijibiwa mara tatu kutoka bondeni, nikajibanza kwenye mwaloni huku moyo ukinidunda, kumbe aliyekuwa akinijibu ni mwindaji mwenzangu mwenye kibao cha sileti, ambacho nacho hukwaruzwa ili kuita bata mzinga. Tangu siku hiyo ananiita "mke wangu".